Kata Tamaa Taratibu

Mimi ndiye yule mwanamke wa supamaketi. Usikune kichwa, hujaniona, umenisikia tu. Umesimama kwenye foleni na dawa yako ya meno, hiyo moja uliyoijia, mara sauti inashuka kutoka darini: "Wateja wapendwa, keki zetu zimetoka kwenye tanuri sasa hivi, bado zina moto." Unaangalia dawa ya meno, unaangalia upande wa keki, miguu inaamua yenyewe. Basi huyo ni mimi. Nakaa kwenye kichumba nyuma ya mikate, mimi na kipaza sauti na feni iliyosusa kazi, na kutoka humo nimenenepesha watu wengi kuliko mpishi yeyote hapa mjini.

Nyumbani wananiita Redio. Jina alinipa mama yangu, ambaye anadai nilizaliwa nikiwa nimewashwa na kitufe cha kuzima hakijaonekana hadi leo. Mama ana ufundi wa kubandika watu majina, na akishakubandika hubanduki. Mume wa dada yangu, ambaye hajawahi kutengeneza kitu siku aliyoombwa, ni Kesho. Dada mwenyewe, kwa kuwa hukata maneno ya watu kabla hayajaisha, ni Mkasi. Na binti yao, mjukuu wa pekee wa mama, ni Kibonge, kwa sababu alizaliwa na mashavu ya kujaza viganja. Tunaishi nyumba moja sote na majina hayo ndiyo tunayoitana kutwa. Mtu wa nje akitaja yale ya kwenye vitambulisho, tunageuka kuangalia nani anaitwa.

Sasa, mwaka huu Kibonge alitimiza miaka kumi na sita, akaanza kuacha kula. Hakutangaza. Alikaa mezani kama sisi, akapakuliwa kama sisi, kisha akaanza kazi ya uhamisho: wali unatoka upande huu wa sahani unakwenda ule, nyama inazikwa chini ya mboga, mboga inatandazwa ionekane imepungua. Sahani ilikuwa inarudi jikoni imechoka lakini haijaliwa. Ukimwuliza, ameshiba. Nyumbani alisema alishiba shuleni, shuleni alisema alishiba nyumbani, na hilo tulilijua siku mwalimu wake wa darasa alipopiga simu. Sketi aliikaza kwa pini. Na joto lote lile, sweta haivuliwi. Siku moja nilimkuta juu ya mizani ya duka la dawa, kavua viatu, kavua saa, kavua hata kibanio cha nywele.

Kila mtu nyumbani alikuwa na dawa yake. Mama alisema, "Kibonge, kula, mjukuu wangu, utakwisha," na kumwongezea kijiko. Kesho alisema ni mitihani, ikipita atakula. Mkasi alifoka mchana, kisha akaenda kulia jikoni huku bomba la maji limefunguliwa tusimsikie. Mimi niliogopa. Yule mtoto nimembeba mgongoni, nikamfundisha kupiga mluzi, nampenda kama nimemzaa, na katika maneno yote ninayoyamwaga kila siku sikuwa na hata moja la kumwambia.

Ndipo akatokea Daktari. Hakuja kwa ajili ya mtoto. Alikuja kununua sabuni. Alibisha mlango wa kichumba changu akiwa amekumbatia paketi za biskuti hadi kidevuni, akauliza kama mimi ndiye mwenye sauti. Nikakiri. Akasema hana shida na biskuti, hazipendi hata kidogo, ila sauti yangu ilimwambia azichukue naye akazichukua, na mtu mwenye sauti ya namna hiyo ndiye aliyekuwa akimtafuta. Alikuwa daktari wa mambo ya akili na hisia. Yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza programu ya simu kwa ajili ya wanafunzi. Unaifungua kabla ya kula, sauti inakuongoza: tulia, vuta pumzi, itazame sahani, sikiliza tumbo linasema nini, yaangalie mawazo yanavyopita kichwani bila kugombana nayo. Dakika chache tu, kisha unakula.

Nilicheka mpaka biskuti moja ikamponyoka. Nikamwuliza kama wana programu nyingine ya kufundisha watu kupiga chafya.

Hakukasirika. Akaniambia wapo watoto wanaoanza kukiogopa chakula, taratibu, nyumba nzima isijue. Mwingine anajinyima, mwingine anakula kwa kujificha hadi anaumia kisha anajiadhibu, na ukichelewa, ni ugonjwa kamili na unaua. Programu yao ni ya kuwahi kabla mambo hayajafika huko. Kicheko kikanikauka. Nikataka kumwambia kwamba mmoja wa hao ninaye nyumbani, anavaa sweta juani. Nikafungua mdomo, na mambo ya nyumbani yakaona haya kutoka. Fikiria: mimi, Redio, nikakosa mawimbi. Nikamwambia tu kwamba kazi nitaifanya.

Siku ya kurekodi Daktari alikuwa safarini. Nilimkuta Mratibu wa programu, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, mwenye hedifoni shingoni hata wakati hasikilizi kitu. Yeye ndiye aliyeyatoa maandishi kwenye lugha ya wenyewe walioyaandika ng'ambo na kuyaleta kwenye yetu, yeye na kompyuta yake. Studio ilikuwa chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Nikakaa, nikameza mate, nikaanza kusoma kwa ile sauti ya keki: vuta pumzi, toa, itazame sahani yako kama unaiona kwa mara ya kwanza. Vizuri kabisa. Kisha nikafika kwenye mstari uliofuata, nikasimama.

Karatasi ilisema: "Sasa, kata tamaa. Kata tamaa taratibu, bila kujilaumu."

Nikamwita Mratibu kwa adabu zangu zote, nikamwuliza kama amelisoma hili kwa sauti. Akasema amelisoma. Akanieleza, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa soksi, kwamba tamaa ni ile hamu ya kula bila njaa au hamu ya kujinyima, na kuikata ni kuiondoa, kwa hiyo kata tamaa. Nikamwambia, baba, maneno hayo kila moja peke yake ni mtu mwema, lakini yakikaa pamoja yanaua. Unamwambia mtoto ajikatie matumaini kabla ya chakula cha mchana. Akasema maandishi yamepitishwa na kamati. Nikamwuliza kamati ni ya watu gani. Akavaa hedifoni.

Mtu mwingine angeondoka. Mimi nina ubishi wa kurithi. Nikasema moyoni, unataka kata tamaa, utapata kata tamaa. Nikavuta sauti yangu ya ndani kabisa, ile ninayoitunzia siku nyama inapouzwa nusu bei, nikausoma ule mstari kwa uchungu wa mjane. Kata. Tamaa. Taratibu. Niliiachia kila silabi nafasi ya kulia. Nilidhani akisikia atacheka, tutacheka wote, tutafuta. Mratibu alifumba macho, akatikisa kichwa kwa raha, akasema hii ndiyo sauti. Na kwa mazoea ya kazi yangu, nilipofika mwisho ulimi ukateleza ukaongeza, "Asante kwa kununua nasi, karibu tena." Nalo hakulifuta.

Nilirudi nyumbani nikijipongeza kwa utundu wangu. Nilidhani Daktari akirudi ataisikia kwanza, ataangua kicheko, atamrudisha Mratibu darasani. Kumbe Mratibu alikuwa na haraka zake: kabla Daktari hajarudi, programu ilishatumwa kwa wanafunzi wa kuijaribu. Nani angeniambia kwamba na shule ya Kibonge imo?

Ilikuwa Jumapili mchana, tumekaa mezani sote, kuku yuko katikati na Kesho ameshamiliki paja. Mkasi akatoa tangazo. Shule imewapa wanafunzi kitu cha kusikiliza kwenye simu kabla ya kula, mwalimu amesifia sana, na leo tutakisikiliza kama familia. Kibonge akasema hataki. Mama yake akalikata hilo hata halijafika mwisho, akaisimamisha simu kwenye bakuli la mchuzi, akabonyeza.

"Karibu," ikasema simu. "Kaa vizuri. Vuta pumzi."

Wote wakageuka kuniangalia. Nikaitazama sahani yangu kama naiona kwa mara ya kwanza.

Mama ndiye aliyefurahi kuliko wote, mwanawe ameingia kwenye simu. Akavuta pumzi alipoambiwa, akatoa alipoambiwa, akamkanya Kesho atoe pumzi sawasawa. Mimi nilikuwa nahesabu mistari moyoni na kutafuta jinsi ya kuimwagia simu maji bila kuonekana. Sikuwahi.

"Sasa, kata tamaa," nikasema kutoka kwenye mchuzi, kwa ule uchungu wangu wote. "Kata tamaa taratibu, bila kujilaumu."

Kesho akaliteremsha paja la kuku. Mama akashika kifua, akauliza ni nani amefariki. Mkasi kwa mara ya kwanza maishani alikosa la kukata. Simu ikaendelea kutuliza watu, na ilipomaliza ikatushukuru kwa kununua nasi, ikatukaribisha tena.

Kibonge akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kuanzia tumboni na kutokea puani, ambacho hatukuwa tumekisikia kwa miezi. Nikamwona mama yake anavyomtazama, macho yamejaa, na mimi nikaanza kucheka, na Kesho naye, nikawaza kwamba labda utundu wangu umefanya kazi ambayo hekima zetu zilishindwa. Kisha akafuta machozi kwa mkono wa sweta, akaniangalia, bado anatabasamu.

"Nimeshakata, mama mdogo," alisema. "Siku nyingi."

Akainuka, akaichukua sahani yake ambayo haijaguswa, akaipeleka jikoni. Tukasikia mlango wa chumba chake ukifungwa polepole, kwa adabu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika sindano. Hakuna aliyekula.

Asubuhi yake nilifika ofisini kwa Daktari kabla ya wafagiaji. Alikuwa amerudi jana yake na ameshaisikia programu. Alikuwa amekaa na kichwa mikononi, Mratibu amesimama dirishani na hedifoni zake zimelegea shingoni. Sikusubiri kuulizwa. Nilisema yote, ya karatasi, ya ubishi wangu, ya sahani zinazorudi zimejaa, ya sweta, ya mizani, ya neno alilolisema mtoto. Nikasema kama programu hii inazuia magonjwa basi izuie na hili, leo hii, maana mimi nimeishiwa.

Daktari akasema programu haiwezi. Programu ni mwavuli, akasema, unamfaa mtu kabla hajalowa. Mtoto anayesema ameshakata tamaa anahitaji kuingizwa ndani, akaushwe, akae na mtu. Aletwe kesho yake, na mama yake aje, na nyumbani tuache kumwongezea vijiko na kumfokea. Kisha akachukua kalamu.

"Anaitwa nani?"

"Kibonge," nikasema.

Kalamu haikushuka. Daktari alinitazama bila ukali.

"Nimeuliza jina lake."

Nawaambieni ukweli, nililitafuta. Nililitafuta kama mtu anavyotafuta funguo mfukoni mwa nguo ambayo hajaivaa mwaka mzima. Nilipolipata na kulitamka, lilinitoka kigeni mdomoni, jina zuri, tulilolichagua kwa mabishano ya wiki nzima, halafu tukalifungia kabatini na cheti chake. Daktari akaliandika. Akasema jina la utani si ugonjwa, na kulifuta si dawa, nisije nikadhani mambo ni mepesi hivyo. "Lakini huwezi kumwambia mtoto aache kujipima," alisema, "huku kila ukimwita unampima."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, sikujua kwamba hicho kikulacho kinaweza kuwa neno la mapenzi.

Kabla sijaondoka Daktari aliniambia ule mstari lazima ufe, na akaniuliza mimi ningesemaje. Nikaingia tena studio, nikakaa kati ya yale magodoro ya ukutani, bila karatasi. Nikamfikiria mtoto mezani na hayo mawazo yake, yanavyokuja bila kualikwa na kukalia kiti chake. Nikasema: "Wazo limebisha hodi. Lisikie. Lijue ni nani. Lakini hodi ni hodi tu. Si lazima uliambie karibu." Mratibu akauliza, kwa sauti ndogo, kama hodi imo kwenye maandishi ya asili. Nikamwuliza kama huko kwa wenyewe watu wanaingiliana ndani kama mbuzi. Daktari akasema irekodiwe hivyo hivyo. Mratibu akabonyeza, na baadaye, haki yake nimpe, akanishikia mlango.

Mtoto alikwenda kwa Daktari na mama yake. Akaenda tena, na tena. Yanayosemwa humo ndani ni yao. Moja tu ndilo alilotuambia mwenyewe, siku moja tukimsubiri nje: kwamba aliona hata aishe awe kama uzi, nyumbani uzi huo utaitwa Kibonge, kwa hiyo hakujua aishie wapi. Mkasi alimkumbatia katikati ya njia, watu wanapita, na hakumkata hata neno.

Tukapiga marufuku lile jina. Mama aliipokea amri hiyo vibaya. Alisema yeye alimpa kwa mapenzi, na alikuwa anasema kweli. Mtoto wake wa kwanza, kabla ya Mkasi, alimfia mikononi akiwa mwembamba kama kidole, na siku alipopewa mjukuu wa kujaza viganja aliona amelipwa. Kwake mnene maana yake hatakufa. Alilia, nasi tukalia naye. Lakini mjukuu mwenyewe akaenda akamkalia miguuni, akamwambia, "Bibi, mashavu yaliondoka, mimi nipo," na bibi akakubali kujaribu.

Kujaribu kwenyewe kulikuwa sinema. Ulimi wa mtu mzima hauna breki. Anaanza kuita, "Ki—" anakumbuka, anatapatapa, anamalizia na chochote kinachoanza hivyo. "Ki... kikombe! Nipe kikombe." Mtoto analeta kikombe. Baada ya muda, "Ki... kijiko." Analeta kijiko. Kiti, kisu, kikapu, kitambaa. Siku moja nilirudi kazini nikamkuta mama amezungukwa na vyombo kama anahama, mjukuu amesimama mbele yake na kibatari tusichokitumia tangu umeme uingie, anauliza kwa heshima zote kama kuna kingine anachohitaji. Alikuwa anajua, mshenzi yule. Alikuwa anakusanya tu.

Sitaki kukudanganya kwamba amepona. Siku nyingine sahani inashinda, na tumejifunza kutokuitolea macho. Mizani ya duka la dawa sijui kama ameiacha. Sweta ameanza kuisahau kwenye viti.

Jumapili iliyopita tulikaa mezani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeisimamisha simu kwenye bakuli la mchuzi. Programu mpya. Sauti yangu ikatuvutisha pumzi, ikatuambia tuitoe. Ikafika pale: "Wazo limebisha hodi."

"Karibu!" akaitikia mama, kwa nguvu, na kugeukia mlango.

Kesho alipaliwa. Mkasi alilaza kichwa mezani kwa kucheka. Mjukuu akamgusa bibi yake mkono, akamweleza kwamba hili si la kukaribishwa, ndiyo maana yake, na mama akalalamika kwamba wamemzoesha adabu maisha yake yote na sasa simu inamwambia aache wageni mlangoni.

Simu ikamaliza. Tukaanza kupakua, kila mtu akijitia anashughulika na lake. Mama akataka mchuzi, na bakuli lilikuwa mbele ya mjukuu. "Ki—" akaanza, na sisi sote tukasimamisha mikono. Mtoto akawa ameshanyanyua kijiko kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine, anasubiri achaguliwe.

Mama akafunga mdomo. Akapumua, kama nilivyomfundisha. Kisha akalitaja jina la mjukuu wake, lote, polepole, kama mtu anayepita juu ya ubao uliowekwa mtaroni. Jina lenyewe sikutajii. Ni lake, mkikutana mwulize, atakwambia.

"Abee, bibi," akaitika.

Akaweka kikombe chini, akabaki na kijiko. Akalivuta bakuli, akajipakulia yeye kwanza, ndipo akampitishia bibi yake.